Mwalimu wa Kuacha Watu

Mara ya kwanza aliponiacha, aliniacha katikati ya uwanja wa mpira, saa tano asubuhi, jua la Dodoma likinichoma utosi, na neno moja tu: "Rudi." Nikasikia malapa yake yanaondoka, pa, pa, pa, mpaka yakaisha. Nilisimama pale nikamlaani kwa Kiswahili cha Tanga, ambacho kwa kulaani hakina mpinzani, kisha nikaanza kupiga kelele za kuomba msaada. Hakuja mtu. Baadaye niliambiwa kwamba nilikuwa hatua sita tu kutoka ukuta wa bweni langu, na wenzangu wote walikuwa kibarazani wananisikiliza huku wanakunywa uji.

Huyo ndiye Mwalimu wa Fimbo. Jina lake nalijua na la baba yake nalijua, lakini sisi tuliopita mikononi mwake hatukuwahi kuyatumia. Mbele yake alikuwa Mwalimu, basi. Nyuma yake alikuwa Mwalimu wa Fimbo. Na tukikasirika, yaani karibu kila siku kabla ya chakula cha mchana, alikuwa Mwalimu wa Kuacha Watu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima waliopoteza macho kutembea peke yao kwa fimbo nyeupe, kupika, kufua, kupiga pasi bila kuchoma nyumba. Kituo kilikuwa ng'ambo ya Miyuji, mahali ambapo mji ulikuwa umechoka na pori halijaanza vizuri: mabweni mawili, jiko, choo cha shimo na huo uwanja. Tulikaa hapo miezi mitatu mitatu, kula na kulala.

Mimi sikwenda kwa hiari. Nilikuwa karani wa masijala. Nilihamishiwa Dodoma kutoka Tanga wakati serikali inahamia, mimi na mafaili yangu. Baadaye serikali ikasita, mafaili mengi yakarudishwa Dar es Salaam, mimi nikasahauliwa rafuni. Macho yangu yalikuwa na presha, ugonjwa unaokula kuanzia pembeni kuja katikati, taratibu, kwa adabu, hata huwezi kusema umeanza lini. Kwa muda wa miaka miwili nilifanya kazi masijala sioni na hakuna aliyejua. Nilijua kila faili lilipo. Mtu akiniletea karatasi niliishika mbali kidogo, nikakunja uso, nikasema, "Hili litazame mwenyewe, lina utata." Nilipata sifa ya mtu makini.

Ndipo ikaja miaka ya soko huria na kupunguza wafanyakazi. Asubuhi moja nikakuta watu wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Nikaenda nikasimama nao, nikatikisa kichwa kwa huzuni kama wenzangu, nikawapa pole waliotajwa, nikawaambia Mungu hamtupi mja wake. Jina langu lilikuwa la nne. Nikaendelea kwenda kazini siku tatu nzima baada ya kuachishwa. Wengine walidhani ni ujasiri, wengine wakadhani nimerukwa na akili. Siku ya nne mkuu wa masijala, mtu mpole, akaniita ofisini kwake. "Bwana, tangazo hukuliona?" Nikasema nimeliona. "Basi hebu nisomee hii." Akanipa karatasi. Nikaisoma kwa sauti, kwa ufasaha, aya mbili nzima kuhusu kukumbushia mahitaji ya viti. Ilikuwa karatasi tupu.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani Miyuji nikiwa sina kazi wala uongo. Binti yetu Neema alikuwa ameolewa Singida. Tulibaki wawili, mimi na Mama Neema. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wale wa UPE, ya elimu ya msingi kwa wote, waliopelekwa darasani kwa mafunzo ya haraka haraka na kuachwa huko. Wiki ileile alikuwa amepata barua ya kwenda chuo cha ualimu Mpwapwa, miaka miwili, apandishwe daraja. Barua hiyo aliisubiri miaka tisa. Aliniwekea mkononi kama vile ningeweza kuisoma.

"Baba Neema," akasema, "chuo kinafunguliwa Januari. Ukiweza kukaa mwenyewe, nitakwenda. Usipoweza, nitaandika ya kukataa. Sitakuacha ufe njaa ili mimi nipate cheti."

Akanipeleka kituoni. Na hapa niseme ukweli wangu, aibu na iwe yangu: nilikwenda nikiwa nimeamua kufeli. Sikumwambia mtu. Nilihesabu kwamba nikishindwa vizuri, bila kuonekana nimeshindwa makusudi, Mama Neema atabaki, ataniongoza, ataniandalia, na maisha yataendelea. Watu wanasomea udaktari, wanasomea sheria. Mimi nilisomea kufeli, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa upande wa Mpwapwa, mfupi kwa jinsi sauti yake ilivyotokea chini ya kidevu changu. Mdomo wake haukukosa karanga za kukaanga. Alizitafuna kutwa nzima, kra, kra, nasi tulizitegemea kuliko kengele: tukisikia kra tunajua yuko wapi, tunanyoosha migongo. Shida ni kwamba alijua tunajua. Akitaka kutuchunguza, aliacha kutafuna. Kituo kikiwa kimya ghafla, watu wazima wenye wajukuu walianza kutandika vitanda upya.

Macho yake mwenyewe yalikuwa mazima, na hilo lilituudhi. Alituambia macho ni mazoea tu, kisha dakika kumi baadaye anazunguka jikoni akilalamika, "Jamani, miwani yangu nimeiweka wapi?" Aliyekuwa akiipata siku zote ni Ndahani, jirani yangu wa kitanda, mchunga ng'ombe wa Kongwa aliyepofushwa na ugonjwa utotoni na kuja kujifunza akiwa mtu mzima. Ndahani anapapasa meza, anapapasa dirisha, anasema, "Hii hapa, Mwalimu, juu ya unga." Naye anajibu, bila hata haya, "Ahsante. Angalia nilivyokufundisha vizuri."

Aliogopa giza. Jioni kiza kikianza tu kushuka anatembea na tochi, katikati ya watu kumi na wawili wasioona, anammulika kila mmoja usoni na kuuliza, "Nani huyo?" Alifundisha mapishi na hakujua kupika, ugali wake ulikuwa mbichi katikati, na aliyethubutu kusema alipewa zamu ya kuosha masufuria. Aliogopa mbwa. Ukipita naye mahali penye mbwa anakushika bega na kujificha nyuma yako, na somo la siku hiyo linageuka: "Tangulia, tangulia, leo unajifunza kuongoza."

Lakini neno aliloliogopa kuliko mbwa lilikuwa "pole". Dodoma ukiwa huoni unapewa pole kuanzia mlangoni hadi sokoni. Wakubwa, wadogo, mafundi baiskeli, wauza nyanya: "Pole baba. Pole sana." Mwalimu akiwa karibu aliidaka kabla haijatufikia. "Pole ya nini, mama? Amefiwa? Anaumwa? Anakwenda kununua vitunguu, mwambie vitunguu viko wapi." Watu walimwona hana utu. Nami, kusema kweli, nilimwona anaharibu biashara, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuipenda pole. Ilinipa nafasi ya mbele kwenye foleni. Ilinipa kiti ndani ya basi na maandazi ya moto bila kuyaomba. Nilikuwa nimejifunza kuinamisha kichwa kidogo, hivi, ili ije haraka. Siku moja sokoni aliniona nikiinamisha, akanivuta kando.

"Macho yamekuaga, sawa," akasema. "Na aibu nayo umeipa likizo?"

Nilinuna siku mbili. Ndahani aliniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, kilichojaa Kigogo, "Wewe bwana, mama huyu anakufundisha njia, wewe unamfundisha kununa." Ndahani alikuwa ameshaanza kwenda dukani na kurudi peke yake. Alikuwa anapiga mluzi na kusikiliza unavyorudi kutoka ukutani. Nikijaribu mimi, mluzi wangu haukurudi. Nadhani nao ulinichoka.

Misemo yake ilikuwa ya kukera kwa sababu ilikuwa kweli. "Ukuta hausogei, anayesogea ni wewe." Hiyo ni ukigonga ukuta. "Ukipotea, simama. Aliyesimama hajapotea, amesimama." Hiyo ni ukipiga kelele uwanjani. Na ukimlalamikia kwamba mtu fulani amekushika mkono na kukuvusha barabara usiyotaka kuivuka, anakuuliza, "Ulimwambiaje?" Hukumwambia kitu. "Basi ulikuwa unataka kuvuka."

Sasa nije kwenye fimbo. Fimbo zilikuwa nyeupe, nyepesi, zililetwa na wafadhili kutoka Ulaya kwa watu warefu. Yangu ilinifika puani. Urefu ningeuvumilia. Weupe ndio ulionishinda. Ukanda huu mwanaume mwenye fimbo ni mtu na heshima zake: ana mifugo, ana neno la kusema kikaoni. Lakini fimbo nyeupe ni tangazo. Inatembea mbele yako inasema kipofu anakuja. Ndipo mimi, karani mstaafu, mtu makini, nikachukua kopo la dawa ya viatu ya kahawia, nikaipaka fimbo yangu kuanzia juu mpaka chini, mara mbili, nikaing'arisha kwa soksi. Ndahani akanusa. "Unakwenda arusini?"

Asubuhi ile ilikuwa siku ya mtihani wangu. Mwalimu alinipeleka hadi njia panda ya kwenda mnadani na kuniacha. Kazi: kutoka pale hadi nyumbani kwangu Miyuji, peke yangu, kwa kuuliza njia. Akifika Mama Neema kutoka shule anikute nimekaa. Ilikuwa siku ya mnada, barabara imejaa vumbi, kengele, mbuzi na moshi wa nyama choma. Nilitembea kidogo, na watu hawakunipisha. Mwenye baiskeli ya mkaa alinigonga kiwiko na kunitukana, badala ya kunipa pole. Nikagundua nilichokifanya: fimbo yangu ya kahawia ilikuwa imenifanya mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida anatakiwa aone baiskeli.

Nikasimama pembeni. Mara nikasikia kwato na sauti ya mzee.

"Mbukwenyi, bwana."

Nikaijibu salamu hiyo ya Kigogo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akaniambia, "Fimbo hiyo naijua, ni ya dalali. Bwana dalali, hebu mtazame huyu wangu kabla sijamfikisha. Unamwonaje?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema: mzee wangu, mimi sioni. Maneno manne tu. Lakini miaka miwili ya masijala ilikuwa imeniharibu. Nikakunja uso. Nikasogea nyuma hatua moja kama mtu anayepima. Nikasema, "Mzee, usimtoe kwa bei ya kutupa. Dume zuri. Mwili upo. Ila kilichoniridhisha zaidi ni pembe."

Mzee akasogea karibu yangu.

"Pembe," akasema.

"Pembe, mzee. Pembe kama hizo siku hizi huzioni."

Mnyama akainua sauti akalia, ile kelele ndefu ya kuvuta pumzi na kuitoa ambayo haina ndugu duniani. Alikuwa punda.

"Mwanangu," mzee akaniambia kwa huruma ya kweli, "pombe asubuhi yote hii?"

Nyuma yangu, hatua chache tu, mtu akapaliwa na karanga. Mwalimu alikuwa amenifuata tangu njia panda bila kutafuna, karanga zimetulia mdomoni. Alicheka mpaka akakaa chini barabarani, nikamsikia anajipigapiga kifua. Mzee naye akaambiwa kwamba sioni, akacheka, akaniomba radhi, nikamwomba radhi, punda akaendelea kulia. Alipopata pumzi Mwalimu akaichukua fimbo yangu.

"Hii umeipaka nini?"

"Vumbi la mnadani, Mwalimu."

"Vumbi la mnadani linanukia viatu vya harusi?"

Nilitegemea aniandikie kwamba nimefeli. Ndicho nilichokitaka, na nilikuwa nimekipata kwa ustadi kuliko nilivyopanga. Badala yake alirudi nami kituoni, akitembea kando yangu. Tulipofika getini akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkeo chuo chake kinafunguliwa Januari, siyo?" Nikasema ndiyo. "Na wewe hutaki aende."

Sikuwa na faili la kujificha nyuma yake. Nikasema, "Sitaki."

"Sawa," akasema. "Umesema kweli, kwa mara ya kwanza tangu uje hapa."

Wiki iliyofuata akaja nyumbani na mimi, akamkalisha Mama Neema na kumwambia atakwenda Mpwapwa Ijumaa, akaone chuo, alale kwa dada yake, arudi Jumapili. Mimi nitabaki nyumbani peke yangu. Mama Neema akasema, "Lakini Mwalimu, hata jiko la mkaa hajawahi kuliwasha." Mwalimu akasema, "Ataliwasha au atakula unga mkavu. Wewe nenda." Mke wangu alinipangia vitu huku analia kimoyomoyo, nilimsikia anavyovuta pua: unga huku, chumvi huku, maji huku, kiberiti hapa, umesikia, Baba Neema? Nikaitikia mm. Sikusikiliza hata kimoja. Nilikuwa nimeshapanga mgomo.

Mgomo wangu ulikuwa rahisi. Nitakaa kwenye kiti changu sebuleni, sitapika, sitakunywa, sitaoga. Jumapili watanikuta nimedhoofu, Mama Neema ataandika ya kukataa, na Mwalimu atajifunza kutotenganisha ndoa za watu. Basi ilipoondoka Ijumaa mchana, nikakaa. Nikalala palepale kitini. Jumamosi asubuhi nilikuwa bado nimekaa, nina njaa na hasira, najiona shujaa.

Kama saa nne mlango ukafunguliwa. Nilijua ni yeye kwa malapa.

"Umekula?"

"Sijala."

"Umekunywa maji?"

"Sijanywa."

"Maji yako wapi?"

"Sijui," nikasema, na nikahakikisha sauti imekatika vizuri.

Nilitegemea kelele. Nilikuwa na majibu yangu tayari. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, "Umekaa hapo tangu jana?" Nikasema ndiyo. Akatoka. Hakuaga, hakufunga mlango, alikwenda haraka, malapa yalikuwa yanakimbia. Hata maji hakunipa.

Nilikasirika mpaka nikasimama. Mtu anakufa kiu, mwalimu mzima anaondoka! Nikasema nitamwonyesha. Nikaingia jikoni kwa hasira, nikagonga mlango, nikagonga meza, nikakumbuka ukuta hausogei, nikatulia. Maji niliyapata kwa kusikia tone. Unga niliupata kwa kuingiza mkono. Jiko la mkaa liliniunguza kidole na nyusi. Ugali ulitoka na madonge ya kutosha kujenga ukuta, na mlenda wangu niliutia sukari kwa kudhani ni chumvi, vijiko viwili vilivyojaa. Ugali niliumaliza wote. Nilikula nimekaa chini jikoni, mgongo ukutani, nikalamba mwiko, na hapo nikaanza kulia, sijui kwa nini, nikalia kama mtu aliyefikishiwa habari ya msiba. Nadhani niliona, sioni lakini niliona, jinsi nilivyokuwa nimepanga kumfunga mke wangu kwenye mguu wa kiti changu.

Jumapili Mama Neema alinikuta naosha sufuria. Kulikuwa na glasi imevunjika, na nyusi moja haikuwapo. Akakaa kwenye kizingiti na begi lake.

"Nani kapika?"

"Mimi. Usiuonje mlenda."

Akauonja uliobaki kwenye chungu. "Una sukari."

"Nenda chuo," nikamwambia.

"Baba Neema..."

"Nenda, mama. Ukibaki hapa nitakupikia huu kila siku."

Alikwenda Januari. Nilirudi kituoni nikamalizia miezi yangu, safari hii kwa fimbo nyeupe, na nilifaulu daraja la mwisho kati ya waliofaulu. Ndahani alikuwa wa kwanza, hajaacha kunikumbusha. Mwalimu hakuwahi kuzungumzia Jumamosi ile. Niliamini alinidharau, kwamba aliona mtu mzima amekaa kama mzigo akakinai akaondoka. Niliibeba imani hiyo miaka mingi, na niliona nimeistahili.

Mama Neema alimaliza, akapandishwa daraja, akarudi kufundisha Miyuji. Mimi nilifungua kioski mbele ya nyumba, maana miaka ile kila aliyeachishwa kazi alifungua kioski. Mtaa wetu ulikuwa na wauza sabuni wengi kuliko wanaooga. Kituo nacho kilifungwa wafadhili walipoondoka. Mwalimu akarudi kwao Mpwapwa, na sikuwa na habari zake.

Mwaka jana tu, asubuhi ya siku ya kazi, Mama Neema yuko shule, mtu akaja kioskini akasimama bila kusalimu. Nikasema karibu. Akaomba chumvi kwa sauti ya kizee, iliyokwaruza, nikampa shikamoo, akaitikia, nami sikumtambua hata kidogo. Nikampa chumvi. Akachukua, akasimama tu. Kisha akasema, "Mlango wa nyumba yako mbona uko nusu? Mlango ama ufunge ama ufungue wote. Nusu utakupasua paji la uso."

Niliruka nyuma ya kaunta nikaangusha viberiti. "Mwalimu!"

"Umeuza chumvi, au umenipa sukari?"

Mama Neema alikuwa amewahi kumwandikia barua kumweleza habari za mlenda. Nikafunga kioski, nikamkaribisha ndani, nikampikia chai. Alikuja mjini kutibiwa miguu, alisema. Alikuwa na meno mawili tu, karanga alishaziaga. Tulicheka punda. Akaniuliza habari za Ndahani, nikamwambia ana mke na wajukuu na kiburi. Akaniuliza Mama Neema yuko wapi, nikasema kazini.

"Anarudi saa ngapi?"

"Saa tisa, saa kumi. Sijui. Mimi hapa nina kazi zangu."

Nilimsikia akizungusha kikombe kwenye kisahani. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda uzee, nikamuuliza kwa nini siku ile aliniacha pale kitini akakimbia, hata maji hakunipa.

Akasema, "Mume wangu alikuwa haoni."

Sikujua. Hakuna aliyejua. Alikuwa mwalimu mkuu, akasema, macho yakamwisha miaka saba kabla hajafa. Naye, mkewe, alimpenda. Alimwongoza mkono popote, alimkatia nyama, alimfunga vifungo vya shati, hakutaka mume wake ajikwae hata mara moja mbele ya watu aliowafundisha. Wakati huo hakuwa na habari ya fimbo wala kituo. Siku moja akaenda mazishini Kongwa, arudi jioni ileile. Mvua ikanyesha, korongo likajaa, magari hayavuki. Akakaa ng'ambo siku tatu. Jirani walidhani wote wawili wamekwenda mazishini.

"Nilipofika, nilimkuta kwenye kiti nilichomwachia," akasema. "Amejikojolea. Midomo imepasuka. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, bwana, tofali kwa tofali, kabla macho hayajaharibika. Akaniambia, 'Nisamehe, mke wangu, sikujua maji unaweka wapi.'"

Nikaweka kikombe changu mezani.

"Hakufa kwa hilo. Aliishi mwaka mzima baadaye. Lakini hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu, ningepona." Akavuta pumzi. "Wewe uliponiambia hujui maji yako wapi, nilijua nikibaki hata dakika moja nitakuchotea. Ndiyo maana nilikimbia. Nilikaa nyuma ya ukuta wa jirani yako mpaka nikasikia sufuria inaanguka."

Kikombe chake kilikuwa kitupu, na sauti ilikuwa imemkauka. Nikainuka nikamletee maji. Akanishika mkono wa shati.

"Kaa," akasema. "Niambie tu yako wapi. Nitachota mwenyewe."

Nikamwambia: jikoni, nyuma ya mlango, mkono wa kulia, kata iko juu ya kifuniko. Malapa yakaenda, kifuniko kikafunguliwa. Nikamsikia anakunywa, anapumua, anachota tena.